Tanga hadi Pemba kwa ndege: Ni kilomita 84 tu, lakini safari yako ni saa ngapi?

Simu iliingia saa 1:10 asubuhi. Mimi nilikuwa Tanga, mjomba alikuwa Wete, Pemba.

"Mwanangu, bibi yako ametangulia mbele ya haki. Tunazika baada ya Alasiri. Fanya unavyoweza."

Baada ya kukata simu nilifanya kitu ambacho na wewe pengine ungefanya. Niliuliza intaneti: Tanga mpaka Pemba kwa ndege ni muda gani? Jibu likaja papo hapo. Kilomita 84, dakika 36.

Nikapumua. Dakika 36! Mtu unakosaje maziko ya saa 10 jioni wakati sasa hivi ndiyo kwanza saa 1?

Niliyakosa. Nilifika Wete saa 10:40, jeneza likiwa limesharudishwa msikitini.

Zile kilomita 84 ni za kweli. Shida ni kwamba umbali wa anga ni jambo moja na muda wa safari ni jambo lingine kabisa, hasa ukiwa unatoka kiwanja kidogo kwenda kiwanja kidogo. Makala haya yanakupa namba zote mbili, zilivyopatikana, na namna ya kupiga hesabu ya safari yako kabla hujamwahidi mtu kwamba utawahi.

Kwa kifupi

- Umbali wa anga Tanga–Pemba: kama kilomita 84 (maili 52, au maili za baharini 45).
- Muda hewani kwa ndege ndogo: dakika 17 hadi 20. Kwenye ratiba hesabu dakika 20 hadi 25.
- Mlango kwa mlango hadi Chake Chake: kama saa 2 na dakika 20.
- Mlango kwa mlango hadi Wete au Mkoani: kama saa 3.
- Ukilazimika kupitia Unguja: kilomita 252 za anga, na mara nyingi siku yako nzima.
- Alama za viwanja kwenye tiketi: Tanga ni TGT, Pemba ni PMA.

Viwanja vyenyewe viko wapi?

Kiwanja cha Tanga kipo upande wa bara, si mbali na katikati ya jiji. Kwa bajaji au bodaboda kutoka mjini ni mwendo mfupi, kama dakika 10 hadi 20 kutegemea unatokea mtaa gani.

Kiwanja cha Pemba kipo karibu na Chake Chake, upande wa Wawi, kama kilomita 7 kutoka mjini Chake. Kisiwa kizima kinakitegemea kiwanja hiki kimoja. Hata kama safari yako ni ya Wete kule kaskazini au Mkoani kule kusini, ndege itakushusha hapo hapo katikati, halafu unamalizia kwa gari. Toka Chake hadi Wete ni kama kilomita 30, na Chake hadi Mkoani ni karibu sawa na hizo.

Hili kumbuka, maana ndilo lililoniangusha mimi. Ukisema "nafika Pemba saa fulani", umesema unafika kiwanjani. Nyumbani bado.

Kilomita 84 zinapatikanaje?

Huhitaji kuamini tovuti yoyote. Chukua kikokotoo cha simu yako tujipimie.

Kiwanja cha Tanga kipo kwenye latitudo nyuzi 5 na dakika 5 kusini, longitudo nyuzi 39 na dakika 4 mashariki. Cha Pemba kipo nyuzi 5 na dakika 15 kusini, longitudo nyuzi 39 na dakika 48 mashariki.

Toa moja kwenye nyingine. Unapata tofauti ya dakika 10 kwenda kusini na dakika 44 kwenda mashariki. Hizi si dakika za saa, ni vipande vya nyuzi.

Sasa utamu uko hapa. Mabaharia na marubani hupima umbali kwa maili ya baharini, na maili moja ya baharini ni sawa na dakika moja ya latitudo. Ni mita 1,852. Na kwa kuwa Tanga na Pemba ziko karibu na ikweta, dakika moja ya longitudo huku kwetu inakaribia urefu huo huo.

Kwa hiyo umevuka maili 44 mashariki na maili 10 kusini. Ile hesabu ya pembetatu ya mwalimu wa sekondari inarudi: 44 mara 44, jumlisha 10 mara 10, unapata 2,036. Kipeuo chake cha pili ni kama 45. Zidisha kwa 1.852, unapata kilomita 84 kasoro kidogo.

Ndiyo hiyo. Ni zaidi kidogo ya Tanga hadi Segera kwa barabara, ila katikati hapa kuna mkondo wa bahari wenye kina kirefu.

Sasa zile dakika 36 zilitoka wapi?

Tovuti nyingi za kukokotoa umbali wa ndege hazijui ni ndege gani inaruka njia gani. Zinatumia kanuni moja kwa dunia nzima: chukua umbali, gawa kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kama kilomita 800 kwa saa, kisha ongeza dakika 30 za kupaa na kutua.

Jaribu kwa njia yetu. Kilomita 84 kwa mwendo wa 800 ni dakika 6. Ongeza 30, unapata 36. Kumbe namba niliyoiamini asubuhi ile haikuwa na uhusiano wowote na ndege iliyokuwepo Tanga!

Kanuni hiyo inafaa kwa Dar es Salaam hadi Dubai. Kwa Tanga na Pemba inakosea mara mbili. Inakupa ndege yenye kasi kuliko iliyopo, halafu inakuongezea dakika za kupaa na kutua ambazo ndege ndogo haizihitaji. Makosa mawili yanavutana, jibu linaonekana la maana, kumbe siyo.

Na kosa kubwa zaidi ni lile ambalo tovuti haikulisema. Haikuniuliza kama leo kuna ndege, wala kama kuna siti.

Hewani ni dakika ngapi kweli?

Njia fupi kama hizi za mwambao na visiwani hurukwa zaidi na ndege ndogo za mapanga. Maarufu kuliko zote ni Cessna Caravan, ile yenye injini moja mbele, mabawa juu, na siti kama 12 hivi za abiria. Ukibahatika utaketi pembeni ya rubani.

Caravan hutembea kama noti 160, yaani maili za baharini 160 kwa saa. Kwa kilomita ni karibu 296 kwa saa. Gawa maili 45 kwa 160, unapata dakika 17.

Ongeza muda wa kupaa, kuzunguka kidogo na kutua, unafika dakika 20. Kwenye ratiba wataandika dakika 20 au 25, kwa sababu ratiba huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama.

Ni safari fupi kiasi kwamba ndege haipandi juu sana. Ukikaa dirishani unaona ghuba ya Tanga na kisiwa cha Toten, kisha maji yanageuka buluu nzito ya mkondo wa Pemba, na kabla hujamaliza kupiga picha unaiona Misali na minazi na mikarafuu ya Pemba inaanza.

Upepo unabadilisha kitu?

Kidogo tu. Kwenda Pemba unaelekea karibu mashariki kamili. Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, hutokea kusini na kusini mashariki. Kaskazi, wa kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, hutokea kaskazini mashariki. Zote mbili zinakupiga usoni kidogo ukienda, na zinakusukuma ukirudi.

Mfano: kusi ya noti 20 inaweza kukupunguzia mwendo kama noti 14 ukienda Pemba. Dakika 17 zinakuwa 18 na nusu. Kurudi Tanga zinakuwa 15 na nusu. Tofauti ya dakika tatu.

Kinachochelewesha kweli ni mawingu mazito na mvua, hasa kipindi cha masika, Machi hadi Mei. Hapo rubani anaweza kusubiri chini mpaka hali itulie. Usigombane naye. Mara nyingi safari za siku zinategemea ndege hiyo hiyo moja inayozunguka kiwanja hadi kiwanja, kwa hiyo mvua ya asubuhi Dar au Unguja inaweza kukufikia wewe Tanga mchana ikiwa jua linawaka.

Hesabu ya kweli: mlango kwa mlango

Hebu tupange safari ya mtu anayetoka mjini Tanga, ana tiketi mkononi, na ndege ni ya moja kwa moja.

- Nyumbani hadi kiwanja cha Tanga: dakika 20
- Kuripoti, kupima mzigo, ukaguzi, kusubiri: dakika 60
- Ndege: dakika 25
- Kushuka, kuonyesha kitambulisho, kuchukua begi, kupata gari: dakika 20
- Gari hadi Chake Chake: dakika 15

Jumla ni dakika 140, yaani saa 2 na dakika 20.

Kama unakwenda Wete, badala ya dakika 15 za mwisho weka kama 55. Jumla inakuwa saa 3 kamili. Mkoani ni hivyo hivyo.

Tazama vizuri namba hizi. Katika safari ya saa 3, ndege yenyewe imechukua dakika 25 tu. Ukigawa kilomita 84 kwa saa 2 na dakika 20 za kwenda Chake, mwendo wako ni kilomita 36 kwa saa. Huo ni mwendo wa daladala!

Sisemi ndege haifai. Hakuna kinachoishinda kwa njia hii. Ninachosema ni kwamba hata ndege ingekuwa na kasi maradufu, ungeokoa dakika 10 tu. Muda wako unaliwa ardhini.

Kama hakuna ya moja kwa moja

Hapa ndipo siku yangu ilipoharibika.

Ofisi ya ndege ilipokea simu saa 2 asubuhi. Ndege ya moja kwa moja kwenda Pemba siku ile ilikuwepo, lakini imejaa. Siti kumi na mbili zikishajaa zimejaa, hakuna kusimama kama kwenye basi. Nikapewa njia ya Unguja: kuondoka Tanga saa 5 asubuhi, kufika Unguja saa 5:35, kusubiri, kisha kuondoka saa 9 alasiri na kutua Pemba saa 9:35.

Kwa ramani njia hiyo ni hivi:

- Tanga hadi Unguja: kilomita 127
- Unguja hadi Pemba: kilomita 125
- Jumla: kilomita 252

Ni mara tatu ya njia ya moja kwa moja. Lakini hata hapo, muda wa hewani kwa vipande vyote viwili haufiki saa moja na robo. Kilichonimaliza ni yale masaa matatu na nusu ya kukaa Unguja nikiangalia saa.

Nikampigia mjomba. Nikamwambia, "Natua saa tisa na nusu." Halafu simu ikaishiwa chaji.

Ndege ilitua saa 9:35 kama walivyosema, haikuchelewa hata dakika. Nikatoka nje saa 9:50. Gari hadi Wete dakika 50. Saa 10:40 niko mlangoni, na wazee wanarudi kutoka makaburini.

Mjomba hakunilaumu. Aliniambia kitu kimoja tu: "Ungesema saa kumi na dakika arobaini, tungengoja. Ulisema tisa na nusu. Tumeswali Alasiri, tumekungoja kidogo, hukutokea na simu haipatikani. Tukajua umekwama."

Saa nzima na dakika tano, kutoka kutua hadi mlangoni. Sikuziweka kwenye hesabu.

Njia nyingine zikoje?

*Kupitia Dar kwa ndege.* Tanga hadi Dar ni kama kilomita 199 za anga, na Dar hadi Pemba kama 192. Jumla 391. Faida yake ni kwamba Dar ina ndege nyingi zaidi za Pemba, nyingine zikipitia Unguja. Hasara ni nauli ya vipande viwili na muda wa kusubiri.

*Basi hadi Dar, kisha ndege.* Barabara ya Tanga–Dar kupitia Chalinze ni kama kilomita 350. Hesabu saa 5 hadi 6 kwenye basi, halafu foleni za Dar hadi uwanjani. Ukipanda basi la alfajiri unaweza kuwahi ndege ya mchana au jioni. Usipange ndege ya kubana sana. Foleni ya Dar haina ahadi na mtu.

*Boti.* Bandari ya Tanga na Mkoani zimetengana kama kilomita 67 kwa mstari mnyoofu. Boti ya kasi inayokwenda noti 25 inaweza kuvuka kwa kama saa moja na nusu bahari ikiwa shwari, na zaidi bahari ikichafuka. Lakini boti za njia hii si kama daladala. Zina siku zake, na ratiba hubadilika kwa msimu. Kama siku yako imeangukia siku ya boti, na kazi yako ni Mkoani, boti inaweza kukufikisha mapema kuliko ndege ya kuunganisha.

*Jahazi au mashua ya bandari bubu.* Usifanye hivyo. Najua mtu mwenye msiba anaweza kushawishika, hasa akiambiwa "tunavuka sasa hivi". Huko hakuna orodha ya abiria wala jaketi la kuokolea, na hakuna anayejua mmeondoka. Watu wa Pemba hawahitaji kufundishwa bahari inavyoweza kufanya. Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I iliyokuwa imejaza kupita kiasi ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu walikufa. Ile ilikuwa meli yenye bandari na vibali.

Kabla hujakata tiketi, angalia haya

*Pemba ni mbili.* Kuna Pemba yetu, PMA, na kuna mji wa Pemba huko Cabo Delgado, Msumbiji, ambao alama ya kiwanja chake ni POL. Kutoka Tanga hadi Pemba ya Msumbiji ni kama kilomita 890. Ukinunua tiketi mtandaoni hakikisha imeandikwa PMA. Jina peke yake halitoshi.

*Zanzibar si Pemba.* Uwanja wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, alama ZNZ, upo Unguja. Tiketi ya "Zanzibar" itakuacha Unguja, na Pemba bado iko kilomita 125 mbele.

*Soma saa vizuri.* Tiketi hutumia saa za Kizungu. 08:30 ni saa 2:30 asubuhi, 15:00 ni saa 9 alasiri. Linaonekana jambo dogo, mpaka umwone mtu amefika kiwanjani saa 8:30 mchana na tiketi ya 08:30.

*Mzigo ni mwepesi.* Kwenye ndege ndogo kiwango cha kawaida ni kilo 15, na wanapenda begi laini badala ya sanduku gumu. Usishangae ukiombwa wewe mwenyewe upande mzani. Ndege ya siti 12 lazima uzito wake upangwe, nani akae mbele na nani nyuma.

*Kitambulisho.* Hata kama ni ndani ya nchi moja, kati ya bara na Zanzibar utaonyesha kitambulisho. Beba cha NIDA au pasipoti. Kama una ndugu anayekuja na pasipoti ya nje, kutoka Muscat au London, mkumbushe kwamba tangu Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya huko. Aikate kabla hajaondoka.

*Chaji.* Pawabenki ikae kwenye begi la mkononi. Isiwekwe kwenye mzigo wa chini. Na iwe imejaa. Ningekuwa nayo, nisingeandika sehemu ya kwanza ya makala haya.

*Kurudi na karafuu.* Kila mtu atataka kukufungia kitu. Ila karafuu kavu Zanzibar zina utaratibu wake. Biashara yake inasimamiwa na Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, na kuzitorosha ni kosa. Usikubali kubebeshwa mfuko usiojua una nini.

Una haraka ya msiba au mgonjwa? Fuata mpangilio huu

1. Piga simu kabla ya kufungua mtandao. Mtandao unaweza kuonyesha siti zimeisha wakati kuna mtu ameahirisha dakika chache zilizopita. Ofisi ya kiwanjani ndiyo inayojua. Mweleze una msiba, muulize kuhusu siti iliyoachwa.

2. Uliza mashirika yote, siyo moja. Njia ndogo zinaweza kuwa na shirika zaidi ya moja, na ratiba zao hazifanani. Uliza maswali matatu: leo kuna ya moja kwa moja? Kama hakuna, ya kuunganisha inatua Pemba saa ngapi? Na nasubiri wapi, kwa muda gani?

3. Nenda kiwanjani hata kama imejaa. Kiwanja ni kidogo na kipo karibu na mji. Mtu asipotokea, siti inampata aliye pale, siyo aliye nyumbani anasubiri kupigiwa.

4. Panga gari la Pemba kabla hujapanda ndege. Ndugu akija kukupokea unaokoa muda wa kutafuta usafiri. Kama ndugu wote wako msibani, omba namba ya dereva mmoja na umpe saa ya kutua.

5. Kumbuka ni safari za mchana. Ndege nyingi ndogo huruka kukiwa na mwanga. Ukipigiwa simu saa 10 jioni, uwezekano mkubwa ni kwamba utavuka kesho. Bora ujue mapema ulale, upande ya asubuhi.

6. Mpe mwenye msiba saa ya mlangoni. Chukua saa ya kutua. Ongeza dakika 35 kwa Chake, au saa 1 na robo kwa Wete na Mkoani. Hiyo ndiyo saa ya kusema. Ukiwahi, Alhamdulillah. Ukichelewa, hujamdanganya mtu.

Namba ya kubaki nayo

Tanga na Pemba zimetengana kwa kilomita 84. Ukisimama Ras Kazone siku ya anga safi huoni kisiwa, lakini ndege inayopaa nyuma yako itakuwa imetua Pemba kabla chai yako haijapoa.

Lakini anayekungoja upande wa pili haulizi kilomita. Anauliza, "Tukungoje, au tuendelee?" Anastahili kujibiwa saa utakayoshika mlango wa nyumba.

Kwa Wete, ukiwa na siti ya moja kwa moja, anza kuhesabu saa 3 tangu unatoka nyumbani. Bila siti, usihesabu kwanza. Piga simu.